Kichwa cha Risasi Kinachomfaa Swala

Hotuba kwa wawindaji wenye leseni, iliyotolewa Upanga, Dar es Salaam, kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa uwindaji

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia porini, ndugu wawindaji bingwa na wawindaji wakazi, maofisa wanyamapori mliotuheshimu kwa kufika, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi wa risasi za raifo kwa wanyama wa daraja la swala, yaani swala pala, pongo na tohe, pamoja na wale wanaowazidi uzito kama kongoni na kuro. Nimeipokea kazi hii kwa moyo wote, kwa sababu kila Julai inapokaribia nasikia miongoni mwetu mijadala mirefu juu ya bunduki, darubini na magari, na nasikia machache sana juu ya kile kipande kidogo cha metali ambacho, katika vyote tulivyolipia, ndicho peke yake kinachomfikia mnyama. Mtu atafunga safari kutoka Tegeta hadi katikati ya mji kuulizia darubini ya bei kubwa, ataigeuza na kuichungulia kwa nusu saa, kisha akifika kwenye risasi anamwambia muuzaji, "Nipe boksi moja la .30-06," na anachukua lolote linaloshushwa kwenye rafu. Ni kama vile namba ya bunduki imekwisha kumfanyia uchaguzi wote.

Namba ile haijachagua chochote zaidi ya ukubwa wa chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Katika .30-06, bunduki ambayo wengi wetu tumeirithi au tumeinunua, tarakimu za mwisho ni mwaka 1906 ambao jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo, na tarakimu za mwanzo ni kipenyo cha mtutu kwa inchi. Kichwa chenyewe, yaani kile kipande kinachoruka, kina kipenyo cha inchi 0.308, sawa na milimita 7.8, na ndicho kipenyo hicho hicho kinachotumiwa na .308 Winchester iliyotoka mwaka 1952. Lakini ndani ya kipenyo hicho kimoja utakuta kichwa cha greni 150, cha 165, cha 180 na hata cha 220, na greni 150 ni karibu gramu 9.7 wakati greni 180 ni karibu gramu 11.7. Utakuta chenye ncha laini, chenye ncha ya plastiki, kilichofunikwa chote, na cha shaba tupu. Vyote vinaingia kwenye bunduki ile ile, vyote vinalia mlio ule ule, na kila kimoja kinafanya jambo tofauti kabisa kikishapita ngozi ya mnyama.

Basi tuanze hapo, ndani ya mnyama, kwa sababu ndiko jibu liliko. Swala hafi kwa kusukumwa na risasi. Msukumo anaoupata hauzidi sana ule unaolipata bega lako wakati bunduki inarudi nyuma. Anakufa kwa sababu damu imeacha kufika kwenye ubongo, au kwa sababu ubongo wenyewe au uti wa mgongo umevunjwa. Mapafu yake yakipasuliwa pande zote mbili, atakimbia pengine mita 30, pengine 80, kisha ataanguka na kufa bila kuelewa kilichompata. Kwa hiyo kichwa cha risasi kina kazi mbili zinazovutana. Kinatakiwa kizame vya kutosha kupita ngozi, nyama, pengine na mfupa, na kuifikia sehemu ya moyo na mapafu popote mnyama alipogeukia. Na kinatakiwa kipanuke vya kutosha ili njia yake iwe pana na damu itoke haraka. Kikipanuka mno, kinavunjika na kuishia njiani. Kisipopanuka, kinapita upande wa pili kikiwa kizima na kuacha tundu la milimita 8, na mnyama anakwenda nalo kilomita kadhaa hadi fisi wamalizie kazi.

Hapa mezani nimeweka vichwa viwili vilivyotolewa kwenye mizoga, na ninaomba vipitishwe mkono kwa mkono wakati ninaendelea. Kile cha kwanza kilitolewa chini ya ngozi ya bega la mbali la kuro. Kimefunguka mbele kama uyoga, koti la shaba limejikunja nyuma katika vipande vinne, na madini ya risasi bado yameshikana na koti. Upana wake wa mbele unakaribia mara mbili ya ule wa kitako chake ambacho hakijaguswa. Cha pili kilitolewa kwenye bega la karibu la tohe aliyepigwa kwa hatua zisizozidi 40. Angalieni vizuri: kimebaki koti tupu lililochanika, jepesi, na ndani hamna kitu. Kile kiini cha madini ya risasi kilisambaa chote kwenye nyama ya bega kabla ya kufika kifuani, na tohe yule ilibidi apigwe tena. Waliovifyatua walikuwa na bunduki za nguvu inayokaribiana. Tofauti iko mikononi mwenu.

Ili tuelewe kwa nini vichwa hivi vinatofautiana hivyo, inafaa tujue vilikotoka. Mwaka 1882 mwanajeshi wa Uswisi aitwaye Eduard Rubin alitengeneza kichwa chenye kiini cha madini ya risasi kilichofunikwa na shaba, kwa sababu madini hayo yakiachwa wazi yalikuwa yanayeyuka na kuuchafua mtutu mara mwendo ulipoongezeka. Koti lile lilitatua tatizo la mtutu likaleta jingine, kwamba kichwa kilichofunikwa chote hakipanuki. Waingereza katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata nchini India, wakaiacha ncha wazi ili ipanuke, na mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukatoa azimio la kuzuia vichwa vinavyopanuka visitumike vitani. Wapo watu, hata hapa mjini, wanaolijua azimio hilo nusu nusu na kudhani kwamba kichwa kinachopanuka ni cha kikatili na kwamba kilichofunikwa chote ndicho cha kiungwana. Porini ni kinyume kabisa. Vitani lengo linaweza kuwa kumwondoa mtu mapambanoni akiwa hai. Katika uwindaji lengo ni kifo cha haraka, na ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yanakataza kabisa kumwinda kulungu kwa kichwa kilichofunikwa chote.

Nalisema hili kwa uzito, maana risasi za namna ya kijeshi ni za bei nafuu na kuna wanaoshawishika nazo. Ndugu zangu, risasi hiyo ipeni kazi yake ya kufanyia mazoezi ya shabaha, na iishie hapo. Msiipeleke kwa swala. Hata kama mkono wako ni thabiti na unajua moyo ulipo, unamnyima mnyama ule upana wa jeraha ambao ndio huruma pekee tuliyo nayo kwake. Solidi halisi, ile nene isiyobadilika umbo, ina mahali pake, nako ni kwenye fuvu la tembo na katika risasi za kufuatilia nyati, ambapo kuzama ndiko kila kitu. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliwaua tembo wengi kwa kichwa chembamba cha milimita 7 kilichofunikwa chote, na jina lake bado linatajwa kila mtu anapotaka kutetea bunduki ndogo. Watajao husahau kwamba mtu huyo alichunguza mafuvu ya tembo hadi akajua ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Alichagua solidi kwa sababu alikuwa na mfupa mnene wa kupita na shabaha ndogo mwisho wake, na kifua cha swala hakina hali hiyo hata kidogo.

Upande wa vile vinavyopanuka, vinavyoitwa softi na wawindaji wetu, swali ni kupanuka kiasi gani na kwa mwendo gani. Softi ya kawaida, yaani kiini cha madini ya risasi kilichosukumizwa tu ndani ya koti, ni ya bei nafuu na inafanya kazi yake vizuri sana kwa swala, mradi mwendo usizidi. Tatizo lake linajitokeza mwendo ukiwa mkubwa au mfupa ukiwa mnene, kama mlivyoona kwa tohe yule. Mmarekani John Nosler alikutana na tatizo hilo hilo mwaka 1946 alipokuwa anawinda kulungu mkubwa wa misitu ya Kanada, ambaye huko huitwa moose. Vichwa vyake vilikuwa vinavunjika juu ya bega lenye matope yaliyokauka. Akarudi akatengeneza kichwa chenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba katikati, ili cha mbele kipanuke na cha nyuma kibaki kizima kikiendelea kuzama, na kutoka mwaka 1948 akaanza kukiuza kwa jina la Partition. Mpaka leo ni miongoni mwa vichwa ninavyoviamini kwa mnyama yeyote asiyekuwa hatari. Baadaye vikaja vile ambavyo kiini na koti vimeunganishwa kwa joto visiachane, na mwaka 1989 kampuni ya Barnes ikaleta kichwa cha shaba tupu chenye tundu kwenye ncha, ambacho hupasuka na kufungua mikono minne huku kikibaki na karibu uzito wake wote.

Sasa tuutazame mwendo, ambao ndio unaowadanganya wengi. Kichwa cha greni 150 kinachotoka kwenye .308 huondoka mtutuni kwa karibu mita 860 kwa sekunde. Kikifika mita 200 kimeshuka hadi karibu 680, na kwenye mita 300 kiko karibu na 600. Maana yake ni kwamba kichwa kile kile kinakutana na wanyama wawili tofauti: yule wa karibu anakipokea kikiwa na hasira zake zote na pengine kitavunjika, na yule wa mbali anakipokea kimechoka na pengine hakitafunguka. Vichwa vingi vya shaba tupu vinahitaji mwendo wa mita 550 hadi 600 kwa sekunde ili vifunguke vizuri, na anayetaka kuvitumia lazima ajue umbali ambao bunduki yake bado inautoa mwendo huo.

Ukiwinda kwenye miombo ya Liwale au Rungwa, sehemu kubwa ya wanyama utawapata kati ya mita 40 na 100. Hapo mwendo mkubwa haukusaidii chochote. Kule Marekani kuna risasi ya .30-30 Winchester iliyotoka mwaka 1895, yenye kichwa butu kinachoondoka kwa mita 670 kwa sekunde tu, na imewaangusha kulungu wasiohesabika katika misitu ya huko kwa umbali wa aina hiyo hiyo, kwa sababu kichwa chake kilitengenezwa kwa mwendo wake. Upande wa pili yuko ndugu yetu mwenye .300 Winchester Magnum, bunduki nzuri ya nyanda za wazi, ambaye ananunua softi ya bei ya chini na kumpiga swala pala kwa hatua 50. Bega zima linageuka damu iliyoganda na vipande vya mifupa, nyama inatupwa, kisha mtu anailaumu bunduki. Kadiri bunduki inavyokwenda kasi, ndivyo kichwa kinavyotakiwa kuwa kigumu. Wazee wetu waliowinda kwa .375 H&H, risasi ya mwaka 1912, wanajua jambo ambalo vijana hushangaa kulisikia, kwamba kichwa chake cha greni 300 kinapita kwenye swala na kuharibu nyama kidogo kuliko kaliba ndogo ya kasi. Kinakwenda taratibu kiasi, na ni kigumu, kwa kuwa kimetengenezwa kwa wanyama wakubwa zaidi.

Kuna jambo la boksi ambalo nawaomba mlizingatie mnapokuwa dukani. Risasi nyingi tunazouziwa zinatoka Marekani na Ulaya, na kichwa kinachoitwa cha kulungu kimepimwa kwa kulungu wa mkia mweupe, ambaye dume lake zima huwa kati ya kilo 60 na 130 hivi. Linganisheni na wetu. Swala pala dume ni kilo 50 hadi 75, pongo dume ni kilo 40 hadi 80, na tohe yuko katika kundi hilo hilo. Kwa hiyo kichwa kilichotengenezwa kwa kulungu wa Marekani kinawafaa hawa bila wasiwasi. Kongoni na kuro wako juu zaidi, kwao nataka kichwa cha vyumba viwili, kilichounganishwa, au cha shaba. Pofu, ambaye dume lake hufika kilo 700 na zaidi, si mnyama wa boksi hilo hata kama ni mpole na hata kama yumo kwenye kibali chako pamoja na swala. Na nyati tusimtaje kabisa, maana kwake mazungumzo yanaanzia .375. Picha ya mnyama kwenye boksi ni mwongozo wa kweli kuliko maneno makubwa yaliyoandikwa chini yake, na panapoonyeshwa panya wa mashambani au mbweha, jueni kwamba kichwa hicho kimekusudiwa kusambaratika kikigusa tu. Kwenye .243, kwa mfano, greni 55 hadi 75 za namna hiyo si za swala, wakati greni 100 zenye ncha laini zinamfaa kabisa.

Pembe ya mnyama inabadilisha hesabu hii yote. Swala aliyesimama ubavu wazi ana kifua chembamba, na kichwa cha wastani kikipita nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, kimemaliza kazi. Yule yule akigeuka akakupa upande wa nyuma kwa mshazari, kichwa kinatakiwa kipite tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kufika mapafuni, na tumbo hilo linakula mwendo vibaya sana. Mtu mwenye softi nyepesi anatakiwa ausubiri ubavu, hata kama ni jioni na gari liko mbali. Mwenye kichwa kinachoshikilia uzito wake ana nafasi kubwa zaidi, lakini hata yeye namshauri asubiri. Na wale wanaonunua vichwa vizito vyenye ncha ya duara kwa imani kwamba vinapita vichakani bila kupinda, imani hiyo iachwe. Kila kichwa kinachogonga kijiti kinaweza kupinda, kizito kama chepesi, na tofauti kati yao haitoshi kuwekea dhamana ya mnyama. Tafuta uwazi kati ya matawi, au usifyatue.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niukubali mwaliko huu, nalo ni nyama. Zamani nyamapori ya mwenye leseni ilikuwa inaliwa na familia yake na majirani. Tangu mwaka 2020, serikali ilipoweka kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori, nyama hiyo inaweza kumfikia mtu ambaye hajui mnyama alipigwa na nini, akaipika, akamlisha mtoto. Madini ya risasi ni sumu, na kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tumezoea kufikiri kwamba tukikata ile sehemu yenye damu kuzunguka jeraha tumemaliza. Watafiti wa Marekani walichukua kulungu 30 waliopigwa kwa vichwa vya kawaida vya madini ya risasi, wakawapiga picha za eksirei, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vipande katika kila mzoga, kuanzia 15 hadi 409. Mizoga ile ilipelekwa kwa wachinjaji wa kawaida, ikasagwa na kufungwa, na nyama ya kusaga iliyotokana na kulungu 24 kati ya wale 30 ilikutwa na vipande ndani yake. Vingi ni vidogo mno, jino halivisikii. Na sisi wa pwani tunaotia limau na siki kwenye nyama kabla ya kuipika tunajua kwamba asidi huilainisha nyama, na asidi hiyo hiyo huyayeyusha madini haya.

Kuna na wanaokula tunachokiacha. Nchini Botswana watafiti waliopima damu ya tai walikuta madini ya risasi kwa wingi zaidi kwa ndege waliokamatwa kwenye maeneo ya uwindaji na wakati wa msimu wa uwindaji, kwa sababu ndege hao hushukia matumbo na mabaki ya mizoga. Tai wetu wamekwisha kupungua kwa sumu zinazowekwa kwenye mizoga, na sioni kwa nini mwindaji mwenye leseni aongeze yake. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia Julai 2019 uwindaji wote huko hufanywa kwa risasi zisizo na madini hayo, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya kumnusuru tai wao mkubwa, kondori, aliyekaribia kutoweka. Wawindaji wa huko wanaendelea kuwinda.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa wazi kwa mwindaji wa swala hapa kwetu ni kichwa cha shaba tupu, pale anapoweza kukipata na kumudu bei yake, na ninajua kwamba bei yake iko juu. Mtu anayetumia risasi chache kwa msimu mzima atalipa tofauti ndogo kuliko gharama ya dizeli ya siku moja porini. Lakini asinunue uzito ule ule aliouzoea. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, gramu 9 hivi kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya gramu 11.3, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi, kinakula nafasi ya baruti, na katika mitutu yenye mzunguko wa pole, yaani ambayo mifereji yake ya ndani hukizungusha kichwa taratibu, kinaweza kuyumba hewani. Shuka ngazi moja. Aliyezoea greni 180 kwenye .30-06 achukue 150 au 165, mwenye .270 abaki na 130 au chini kidogo, mwenye .243 achukue 80 au 85. Kwa kuwa kichwa cha shaba hakipotezi uzito njiani, chepesi chake kinazama sawa na kizito cha namna ya zamani au kukipita. Na kwa kuwa kinataka mwendo ili kifunguke, wepesi huo unakisaidia pia.

Asiyeweza kukipata bado ana nafasi nzuri. Achukue kichwa kilichounganishwa au cha vyumba viwili, apige nyuma ya bega badala ya kuvunja bega lenyewe, na nyama ya kuzunguka njia ya risasi aikate kwa upana wa kiganja na zaidi, aifukie mahali ambapo ndege hawataifikia.

Naomba dakika chache kwa jambo la hewa yetu ya pwani, kwa sababu risasi iliyochaguliwa vizuri inaweza kuharibikia nyumbani. Chumvi na unyevu wa Dar es Salaam huanza kula ganda taratibu. Utaona kwanza wekundu wa kufifia, kisha madoa ya kijani karibu na shingo pale kichwa kilipoingizwa. Ganda lenye kijani msilifyatue. Msizipake risasi mafuta mkidhani mnazilinda, maana mafuta hupenya hadi kwenye fataki, ile inayowasha baruti, na kuiua. Zikae kwenye boksi la chuma lenye mpira wa kuziba, ndani ya kabati linalofungwa kama sheria ya silaha inavyotutaka, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na vifaa vya umeme. Na zisiachwe kwenye dashibodi ya gari safari nzima, kwa kuwa baruti iliyopata joto kali hubadili kasi, na kasi ikibadilika risasi inapiga mahali pengine.

Mwisho ni majaribio, na hapa siwezi kumwonea mtu huruma. Bunduki iliyolinganishwa na darubini kwa greni 180 za kampuni moja haijalinganishwa kwa greni 150 za kampuni nyingine. Inaweza kupiga sentimita 10 pembeni kwa mita 100, na kwa kifua cha pongo sentimita 10 ndizo zinazotenganisha mapafu na utumbo. Nunueni maboksi ya toleo moja, namba ya toleo imepigwa muhuri kwenye mfuniko, ya kutosha mazoezi na msimu. Rusheni kwanza kwa mita 100 mkiwa mmeegemea, bunduki ikiwa baridi, kwa sababu risasi ya kwanza kwenye mtutu baridi ndiyo mtakayompigia mnyama. Kisha rusheni mkiwa mmesimama na fimbo za kuegemea bunduki, kama mtakavyokuwa porini. Na kila mnyama akishaanguka, msimwachie mchunaji kazi yote. Fuateni njia ya risasi kwa mkono kutoka ilipoingia hadi ilipotoka, tazameni imevunja nini na imefunguka wapi, na kikibaki kichwa kwenye ngozi kiosheni, kipimeni uzito, kiandikeni kwenye daftari pamoja na umbali na pembe. Kwa misimu michache tu ya kufanya hivyo, kikundi kama hiki kitakuwa na kumbukumbu za wanyama wetu wenyewe, katika misitu yetu wenyewe, ambazo hakuna kiwanda cha ng'ambo kinaweza kutuandikia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niishie hapa nipokee maswali, na kwa ruhusa yako naomba tuanze na wenye .243, kwa sababu ndio wenye uchaguzi mwembamba kuliko wote.